Pikapu inagonga nyuma ikiwa tupu? Lala chini uangalie springi kwanza

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine mnasoma mkiwa na haraka zenu. Ndio, springi zilizochoka zinaharibu utembeaji wa pikapu ya zamani, tena zinaharibu sana, ila sio kwa namna ambayo wengi wanaifikiria. Muulize mtu springi ikichoka gari inakuwaje, atakwambia inalegea, inakuwa laini, inanesanesa. Kwenye pikapu mara nyingi unakuta kinyume chake. Inakuwa ngumu. Inagonga. Unapita tuta dogo tu, mwendo wa kistaarabu, nyuma inalia kduu mpaka mgongo unaitika, na hapo hujabeba hata mfuko mmoja.

Hii habari inanigusa kwa sababu naendesha pikapu ya zamani kila siku, nyuma ina springi za mabamba, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na mbele ina toshenibaa, ile fimbo ya chuma inayojisokota kufanya kazi ya springi, na nimeshawaona watu wenye gari kama yangu wakinunua shokapu mpya, ikagonga vilevile, wakanunua nyingine za bei zaidi, ikagonga vilevile, mwisho wanakata tamaa wanasema basi pikapu ndo zilivyo. Hapana wakuu. Ugumu kidogo upo, hilo ni kweli, gari imetengenezwa kubeba mzigo kwa hiyo ikiwa tupu lazima itakurusharusha. Lakini kugonga mwisho wa springi kila tuta ukiwa tupu ni ugonjwa, na ugonjwa wenyewe unaonekana kwa macho ukikubali kulala chini ya gari na tochi.

Tuanze na springi yenyewe, maana usipoielewa hapa utapigwa pesa huko mbele.

Robert Hooke, yule mwanasayansi wa Uingereza, alishalieleza hili mwaka 1678: springi inashuka kulingana na uzito unaoikandamiza, ukiongeza uzito mara mbili inashuka mara mbili. Kile kiasi cha uzito kinachohitajika kuishusha sentimita moja ndo ukakamavu wake. Sasa ukakamavu wa springi za mabamba unatokana na vitu ambavyo unaweza kuvipima kwa rula, yaani urefu wa bamba, upana, unene na idadi ya mabamba, ukijumlisha na asili ya chuma chenyewe. Na asili ya chuma haizeeki. Chuma cha springi cha miaka 30 ukikikunja kinarudisha nguvu ileile kama cha jana, ilimradi hakijaliwa na kutu, hakijapasuka, na hakuna mtu aliyekichoma moto bila kujua anachofanya.

Kwa hiyo springi ya zamani iliyokaa chini, kama iko nzima, ukakamavu wake bado upo. Kilichopotea ni ule upinde. Miaka ya kubeba, na hasa miaka ya kubeba kupita kiasi, inafanya chuma kikubali kidogo kidogo, kila siku kinarudi chini ya pale kilipotoka kwa kiasi ambacho hata hukioni, mpaka siku moja unasimama pembeni ya gari yako ikiwa tupu unaona nyuma imekaa kama imepakia. Wewe uliizoea, mgeni ndo anakuuliza umebeba nini.

Sasa shida inaanzia hapo. Kati ya ekseli na chesisi kuna nafasi, na mwisho wa hiyo nafasi kuna raba nene imefungwa, wengine wanaiita stopa, kazi yake ni kuzuia ekseli isipige chesisi siku ya shimo kubwa. Ni kitu cha dharura. Chukua hesabu ya mfano: tuseme springi ya upande mmoja inahitaji kilo 25 kushuka sentimita 1. Ikiwa na upinde wake, gari tupu, kuna sentimita 9 mpaka kwenye raba, kwa hiyo unahitaji kilo 225 za ziada ndo iguse. Ikikaa chini sentimita 5, imebakiwa na sentimita 4. Kilo 100 tu tayari umefika. Na tuta au shimo la kawaida kwa mwendo wa kawaida linasukuma kwa nguvu zaidi ya hapo bila shida yoyote. Kuanzia pale unapogusa, kinachokubeba ni kipande cha raba, na kwenye gari ya umri huo raba yenyewe imeshakauka, imepasukapasuka, haina huruma tena. Ndo ule mgongo ulioitika.

Kuna jambo lingine ambalo kwa maoni yangu ndo linasahaulika kuliko yote. Springi nyingi za pikapu zina bamba moja nene chini kabisa, limenyooka au lina upinde mdogo sana, limefungwa katikati pamoja na mengine lakini huku kwenye ncha haliyagusi. Hilo ni bamba la mzigo. Gari ikiwa tupu lenyewe limetulia tu, halina kazi. Ukipakia, mabamba ya juu yanashuka yanalikalia, na springi inakuwa ngumu kwa mara moja, ili gari isizame. Aliyebuni hii kitu alifikiria vizuri sana, kwa sababu unapata springi mbili kwenye kifurushi kimoja, laini kiasi ukiwa tupu na ngumu ukiwa na mzigo. Sasa mabamba ya juu yakipoteza upinde, yanalikalia lile la mzigo muda wote, asubuhi mpaka usiku, hata ukiwa umebeba jeki na tairi ya spea peke yake. Unaendesha kwa ugumu wa gari iliyopakia bila mzigo wa kuutuliza. Hapo hata uweke shokapu nzuri kiasi gani, zinapambana na springi ambayo haikupaswa kuwa kazini.

Kwenye ya kwangu hili nililiona waziwazi. Nilipiga tochi kwenye ncha ya bamba la mzigo, pale linapokutana na bamba la juu yake, kila kitu kimejaa vumbi na kutu lakini pale kwenye mguso pana alama inang'aa, chuma cheupe safi, upana kama wa kidole gumba. Chuma haking'ai hivyo bila kusuguliwa kila siku. Upande wa pili hivohivo. Nikaangalia raba za stopa, uso wa chini umelala bapa, umekuwa mweusi wa kung'aa badala ya ule wa vumbi, na juu ya ekseli pale inapopiga rangi imetoka. Gari ilikuwa imesimama tupu na nafasi iliyobaki vidole viwili vilipita kwa shida. Sikuhitaji mashine ya kuniambia kitu.

Kutu nayo ina mchango wake. Mabamba yanasuguana kila springi inapocheza, na msuguano kiasi una faida, unasaidia kuituliza gari. Ila kutu ikijaa katikati yake mabamba yanashikana, kwa hiyo kwenye vitu vidogovidogo, changarawe, viraka vya lami, barabara ya vumbi yenye mawimbi, springi inagoma kabisa kucheza mpaka nguvu izidi ule mshikamano, na mtetemo wote unapanda moja kwa moja kwenye chesisi mpaka kwenye usukani na kiti chako. Springi nyingi zinatoka kiwandani na vipande vya plastiki au raba kwenye ncha za mabamba kuzuia hili, na kwenye gari za zamani hivyo vipande vilishasagika zamani, chuma kinakaa juu ya chuma. Ukiona unga mwekundu umechuruzika kwenye mstari kati ya bamba na bamba, jua huko ndani mabamba yanasagana. Kuna watu wanamwagia oili chafu. Mi siipendi hiyo njia kabisa, mlio unapotea kweli kwa muda, lakini oili inashika vumbi na mchanga, unakuwa umeweka msasa katikati ya mabamba, alafu ikichuruzika kwenye bushi, zile raba za kwenye matundu ya ncha za springi, inazila. Njia yenye maana ni kuifungua springi, kupiga brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kuweka pedi mpya kwenye ncha, na kuifunga. Ni kazi, najua.

Alafu niseme ukweli wote, zipo springi ambazo kweli zinalegea. Bamba likikatika, ukakamavu unashuka papo hapo. Na kutu ikila unene, hasara ni kubwa kuliko unavyoweza kudhani, kwa sababu ukakamavu wa bamba unafuata unene mara tatu, yaani unene kuzidisha kwa unene kuzidisha kwa unene. Bamba la milimita 8 likiliwa likabaki milimita 7.2, ni asilimia 10 tu imeondoka, lakini ukakamavu wake umepungua kwa asilimia 27 hivi. Zile springi za koili, za waya uliozungushwa, nazo zinafuata unene wa waya mara nne, ndo maana koili yenye kutu iliyochimba haifai kuchezewa. Nyufa tafuta karibu na senta bolti, ile inayopita katikati ya mabamba yote, na chini ya yubolti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, mara nyingi zinaanzia hapo kwa sababu pana tundu na pana mkandamizo, na zinaanza kama unywele tu pembeni mwa bamba, kwa hiyo futa uchafu kwanza kwa brashi usije ukapita juu yake.

Haya, unajuaje kwa uhakika? Pima. Sio kwa macho tu na sio kwa kuuliza watu.

Gari iwe tupu, kwenye sakafu iliyonyooka, upepo wa tairi uwe sawa kama kitabu cha gari kinavyotaka, na usipime baada tu ya kuishusha kwenye jeki kwa sababu springi inakuwa haijakaa, itembeze mbele na nyuma kidogo kwanza. Watu wengi wanapima kutoka chini mpaka kwenye bodi, sasa hapo unakuwa unapima na tairi humohumo, tairi iliyolika au yenye upepo mdogo inakudanganya. Pima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha tairi, kwenda juu wima mpaka ukingo wa bodi. Na kwa nyuma mi naona bora zaidi ni kupima kutoka juu ya ekseli mpaka chini ya chesisi, pale penye stopa, kwa sababu bodi ya nyuma kwenye pikapu ni kitu kinachojitegemea, imefungwa kwa bolti juu ya chesisi, inaweza kuwa imepinda au imewahi kugongwa ukajikuta unailaumu springi bure. Andika namba za pande zote mbili. Kama kitabu cha gari yako kina kipimo cha kiwandani linganisha nacho, kama hakina tafuta gari kama yako yenye springi nzima upime.

Angalia na pembe ya sheko, ile pingili inayoshika ncha ya nyuma ya springi. Springi ikilala inakuwa ndefu, kwa hiyo inaisukuma sheko kwenda nyuma. Ikishalala sana haina tena pa kwenda, na springi inakosa nafasi ya kurefuka inapopigwa na tuta, hiyo peke yake inaongeza ugumu hata kabla hujafika kwenye raba.

Kama gari imeinama upande mmoja, subiri kwanza kabla ya kuhukumu springi ya upande huo. Chesisi ni kitu kigumu, kona moja ya mbele ikishuka inaiburuza na nyuma, kwa hiyo toshenibaa iliyolegezwa mbele inaweza kukuonyesha kwamba springi ya nyuma imechoka wakati haina kosa. Kuna kipimo nakipenda sana kwa sababu hakihitaji vifaa zaidi ya jeki na vizuizi vya tairi. Weka vizuizi vya uhakika kwenye tairi za nyuma, piga jeki mbele katikati kabisa ya chesisi, pale kitabu kinaporuhusu, inua mpaka mbele iwe inakaa juu ya jeki na sio juu ya tairi. Sasa mbele imekaa juu ya nukta moja tu, haiwezi kuisukuma nyuma kulia wala kushoto. Rudi nyuma upime ukiwa umesimama pembeni, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hilo sitaki hata kulijadili. Kama nyuma bado imeinama, springi za nyuma ndo zenye kesi. Kama imenyooka, nenda kaongee na mbele.

Na mbele, kwa wenye toshenibaa, kuna ule mchezo wa kukaza bolti ya marekebisho ili gari inyanyuke. Kunyanyuka itanyanyuka. Ila fimbo haijawa ngumu zaidi, ukakamavu wake ni uleule, ulichofanya ni kubadilisha pale inapoanzia. Ukikaza kurudisha urefu wa kiwandani uliopotea ni sawa kabisa, ndo kazi ya ile bolti. Ukikaza kupita hapo unakula nafasi ya tairi kushuka chini, kwa hiyo ikipita kwenye shimo tairi inaning'inia mapema na unapata kugonga kwa kwenda juu badala ya chini, boljoinsi, vile viungo vinavyoruhusu tairi za mbele kucheza na kukata kona, zinakaa pembe mbaya, na kama ni foo-wili-draivu ekseli za mbele zinafanya kazi zikiwa zimepinda. Kwa vyovyote vile ukigusa hiyo bolti peleka gari ikafanyiwe alaimenti, yaani kunyooshwa tairi, tairi zitakulipia usipofanya hivyo.

Sasa sio kila ugumu ni springi, na itakuwa sio haki nikiacha hili. Anza na upepo wa tairi kwa sababu ni bure, watu wanajaza presha ya mzigo mkubwa wanasahau kupunguza baada ya kushusha. Tairi zenyewe, kama ni zile za mzigo mzito zenye ukuta mgumu, au zimezeeka zimekauka, zitapeleka kila kokoto mpaka kwako. Bushi za springi na za sheko zikiisha unasikia mtikisiko na mlio wa kugongagonga hata kwenye mwendo mdogo. Na raba za kebini, zile zinazokaa kati ya kebini na chesisi, hizi watu hawazikumbuki kabisa na kwenye pikapu ya miaka mingi zimekandamizwa mpaka zimekuwa bapa, kebini yote inatikisika peke yake juu ya chesisi na dereva anasema springi.

Shokapu nazo naziheshimu ila tuziweke mahali pake. Shokapu haibebi gari. Ukiacha zile zenye gesi ambazo zinasukuma kidogo sana, uzito wote upo juu ya springi, na shokapu kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kubembea baada ya kupigwa. Gari ndogo ya abiria kwa kawaida inabembea kama mara moja mpaka moja na nusu kwa sekunde ikiachwa huru, nyuma ya pikapu tupu inakwenda karibu mara mbili, sababu springi ni ngumu na uzito ni mdogo, ndo maana ukikaa humo unahisi inarusha kwa harakaharaka. Shokapu ikifa gari inapiga tuta alafu inaendelea kucheza, inaogelea kwenye kona, tairi zinalika kwa mabonde. Springi ikilala gari inapiga tuta, inagonga mara moja kwa nguvu, basi. Ukizisikiliza hizi mbili kwa makini utazitofautisha hata ukiwa abiria. Na kile kipimo cha kukandamiza kona ya gari kwa mikono alafu kuachia, kwenye pikapu kwa nyuma hakina maana sana, springi ni ngumu kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuishusha vya kutosha, unaweza kupasisha shokapu iliyokufa. Angalia uvujaji wa oili kwenye mwili wake na uifungue uisukume kwa mkono. Ila kumbuka pia hizi mbili zinauana: gari iliyokaa chini inafanya shokapu ifanye kazi karibu na mwisho wake wa chini muda wote, kwa hiyo springi iliyochoka inaweza kuwa ndo iliyoiua shokapu yako, na hiyo mpya uliyonunua itaifuata ileile ya mwanzo.

Matibabu. Mi msimamo wangu ni mmoja, springi mpya za uwezo uleule wa kiwandani, pande zote mbili kwa pamoja. Usibadilishe upande mmoja, utapata gari iliyoinama na yenye tabia mbili. Na usikubali kirahisi mtu akikwambia weka za mzigo mzito ili zisichoke tena. Kama unabeba mzigo mzito kila siku, sawa, ni haki yako. Kama siku nyingi uko tupu, utakuwa umeondoa ugumu wa springi zilizolala ukaleta ugumu wa springi zisizocheza, na mgongo wako hautajua tofauti.

Kuongeza bamba ni njia ya watu wengi na siidharau, hasa lile bamba refu lenye upinde mzuri linaloinua kifurushi chote kwa upole. Lile fupi nene linalochomekwa katikati linanyanyua gari kweli, ila linafanya hivyo kwa kuongeza ugumu mwingi, na pale linapoishia linamkandamiza mwenzake wa juu kwenye sehemu moja. Vitalu vya kuweka kati ya ekseli na springi vinainua gari bila kugusa upinde, springi inabaki imelala vilevile, na kwa kuwa sasa raba iko mbali, springi inaruhusiwa kujikunja kuelekea upande wa pili zaidi ya ilivyokusudiwa. Pia ukikanyaga mafuta kwa nguvu ekseli inajizungusha, springi inajikunja kama herufi S, unasikia mtetemo na propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, inagonga. Na kokote utakakopita kati ya hizi njia, uwezo wa kubeba ulioandikwa kwenye gari haujaongezeka hata kilo moja, maana chesisi, ekseli, beringi na breki ni zilezile.

Kuhusu kukunja upya springi za zamani, inategemea nani anafanya na anafanyaje. Ukiipiga nyundo ikiwa baridi ikapata upinde, ukaifunga, itapendeza kwa muda alafu itarudi kulala, kwa sababu chuma kimelazimishwa hakijaandaliwa. Njia kamili ni kulipasha bamba moto mpaka liwe jekundu, kulikunja, kulizamisha kwenye oili lipoe haraka, kisha kulipasha tena kwa moto mdogo uliopimwa ili lisiwe la kukatika. Anayefanya hatua zote hizo anajua kazi na springi yake itakaa. Anayechoma kwa gesi sehemu mojamoja akikunja na kuacha ipoe yenyewe, huyo anakuharibia chuma, pale alipochoma pameshakuwa laini na pembeni yake pana mpaka ambapo ufa utaanzia. Muulize fundi kabla hajaanza, anapoza kwa nini na anarudishia moto wa ngapi. Akikuangalia tu bila jibu chukua springi zako.

Wakati wa kufunga kuna mambo mawili simamia mwenyewe. Yubolti ziwe mpya, zile za zamani zimeshavutika na nati zake zimeshajikata, na baada ya kilomita mia chache rudi ukazikaze tena kwa kipimo, kwa sababu springi mpya inajikalisha. Yubolti iliyolegea inaiachia senta bolti kazi isiyo yake, ikikatika ekseli inahama, na hapo utaona gari inatembea kiubavuubavu, nyuma haifuati mbele. Jambo la pili, bolti za macho ya springi, yale matundu ya kwenye ncha zake, na za sheko zishikizwe tu gari ikiwa kwenye jeki, zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama juu ya tairi zake. Bushi ya raba ikikazwa springi ikiwa inaning'inia inakaa imejisokota muda wote, inaongeza ugumu kwenye gari ambayo umetoka kuitengeneza iwe laini, na inachanika mapema. Mafundi wazuri kabisa wanaliruka hili kwa sababu ya haraka, kwa hiyo kuwepo.

Taa za mbele nazo zirekebishwe, nyuma iliyokuwa chini ilikuwa inazipeleka kwenye macho ya wanaokuja mbele, na pengine kuna mtu alishazishusha kufidia, sasa nyuma ikipanda zitamulika bampa yako.

Nimeacha breki mwisho kwa sababu ndo zinazonipa wasiwasi kuliko mgongo. Pikapu nyingi za zamani zina valvu ya breki za nyuma inayosoma mzigo. Imefungwa kwenye chesisi, na kutoka hapo kuna fimbo nyembamba inashuka mpaka kwenye ekseli. Ukipakia, chesisi inasogelea ekseli, fimbo inaisukuma valvu, inaruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Ukiwa tupu inapunguza, kwa sababu nyuma nyepesi tairi zake zinafunga haraka. Hiyo valvu haina mizani, inajua kitu kimoja tu, umbali kati ya chesisi na ekseli. Springi zikilala inaamini umepakia. Kwa hiyo uko tupu, lami ina maji, unakanyaga breki ya ghafla, presha ya gari iliyojaa inakwenda kwenye nyuma isiyo na kitu, tairi za nyuma zinafunga kabla ya mbele, na gari inayofunga nyuma kwanza inataka kugeuka itazame ilikotoka. Ukiinua gari juu ya kipimo cha kiwandani inakuwa kinyume, valvu inaamini uko tupu hata ukiwa umejaza, breki za mbele zinabeba sehemu kubwa mno ya kazi kwenye mteremko.

Kwa hiyo kabla hujatoka gereji na springi zako, fuata ile fimbo kwa tochi kutoka juu mpaka chini. Iangalie kama imepinda, kama mtu aliwahi kuifunga kwa waya ili isisumbue, kama jointi yake ya chini imeshika kutu haichezi, na mwambie fundi airudishe kwenye kipimo cha kitabu akiwa na geji ya presha mkononi, gari ikiwa imesimama juu ya tairi zake na urefu wake mpya.